Merikani, Pembe na Ushuru: Kasongo na Kabambare Kati ya Mlango Wazi na Mlango Uliofungwa

Msafara wa karne ya 19 uliotoka Mrima ukapita Tabora na Ujiji, ukavuka Ziwa Tanganyika na kushika njia ya Kabambare kuelekea Kasongo na Nyangwe, ulichukua mizigo ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa nguo, shanga na masango. Miongoni mwa nguo hizo, iliyokaribia zaidi heshima ya sarafu ni merikani, yaani nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito na imara. Ilipimwa kwa mkono, shuka, doti na jora: mikono minne ilifanya shuka moja, na shuka mbili zikafanya doti. Jina lake lenyewe lilisema ilikotoka. Hata hivyo, katika maandishi mengi yahusuyo biashara ya pembe za ndovu katika Manyema, jina hilo hutajwa na kupitwa haraka, kana kwamba si jambo la kushangaza kwamba nguo iliyofumwa Massachusetts iliweza kuishinda nguo ya Gujarati. Nguo ya Bara Hindi ilikuwa karibu zaidi na Unguja, ilijulikana pwani kwa karne nyingi, na mafundi wake walikuwa hodari kuliko wote duniani.

Makala hii inaifuata nguo hiyo tangu forodha iliyoilea hadi soko lililoipokea. Lengo si kusimulia upya maisha ya Tippu Tip wala vita vya 1892 hadi 1894, mambo ambayo yamekwisha kuandikwa sana. Lengo ni kuonyesha kwamba katika kila kituo cha safari ile palikuwa na mtu aliyeshika mlango wa biashara, akaufungua au kuufunga kwa faida yake. Na kwamba Kasongo na Kabambare ziliangamia wakati ambapo mataifa yalikuwa yamekwisha kutia sahihi kwamba mlango wao ungekuwa wazi kwa wote.

Sheria ya 1816

Serikali ya Marekani ilipoanza kazi mwaka 1789, moja ya sheria zake za kwanza kabisa ilikuwa ya ushuru wa bidhaa za nje. Shabaha kubwa ya ushuru ule ilikuwa kupata fedha, kwa kuwa taifa lilielemewa na madeni ya vita vya uhuru. Mwezi Desemba 1791 Alexander Hamilton, waziri wa fedha, alipeleka Bungeni taarifa yake juu ya viwanda. Alidai kwamba kiwanda kichanga hakiwezi kushindana na kilichokomaa bila ya kusaidiwa na dola, na kwamba nchi inayouza mazao ghafi tu hubaki chini ya huruma ya wanunuzi wake. Wabunge hawakuyafuata mapendekezo yake yote. Kilichobadili mambo ni vita zaidi kuliko hoja. Marufuku ya biashara ya nje iliyotangazwa mwaka 1807, kisha vita na Uingereza vya 1812 hadi 1815, vilizuia bidhaa za Ulaya, na katika upungufu huo viwanda vya nguo vikachipuka New England.

Mmoja wa waanzilishi hao alikuwa Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston. Alikwenda Uingereza mwaka 1810, akavitazama viwanda vya huko kwa makini, akarudi na siri za mitambo kichwani, kwa sababu sheria ya Uingereza ilikataza michoro na mashine kutolewa nje. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1813, na kiwanda chake cha Waltham kilisokota na kufuma chini ya paa moja. Vita vilipokwisha na nguo za nje zikarudi kwa wingi, Lowell alikwenda mwenyewe Washington kuwashawishi wabunge.

Matokeo yake ni sheria ya ushuru ya 1816, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza iliyotungwa waziwazi kwa ajili ya kulinda viwanda. Ushuru wa nguo za pamba uliwekwa asilimia 25. Lakini makali yake yalikuwa katika kifungu kidogo: nguo yoyote ya pamba yenye thamani chini ya senti 25 kwa yadi ya mraba ilihesabiwa kuwa na thamani ya senti 25. Kwa hiyo yadi ya nguo nzito ya Bara Hindi iliyonunuliwa kwa senti tisa, kwa mfano, ilitozwa senti sita na robo, yaani karibu asilimia 70 ya bei yake halisi. Nguo nyembamba na ghali ya Uingereza haikuguswa sana. Kifungu kilikatwa kama joho kwa kimo cha Lowell, maana nguo aliyoifuma yeye ilikuwa ya namna ileile iliyofungiwa mlango.

Walioumia kwanza ni wenye merikebu wa bandari kama Salem, waliozoea kuleta nguo za Bara Hindi. Walipinga na wakashindwa. Katika miaka ya 1820 wenye merikebu wa Salem walionekana Unguja wakitafuta pembe na sandarusi, na baada ya muda shehena waliyoileta ikawa nguo ileile ya viwanda vya nyumbani iliyokuwa imeiua biashara yao ya zamani. Inafaa kuongeza kwamba pamba ya nguo hiyo ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Wenye mashamba hayo walikuja kuuchukia ushuru huo kiasi kwamba mwaka 1832 jimbo la South Carolina lilitangaza kuwa ni batili katika mipaka yake. Ugomvi ulitulizwa kwa sheria ya suluhu mwezi Machi 1833.

Asilimia tano za Unguja

Miezi sita tu baada ya suluhu ile, tarehe 21 Septemba 1833, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitia sahihi mkataba na Sayyid Said huko Maskati. Wamarekani waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari zote za Sultani, na ushuru wao haukutakiwa kuzidi asilimia tano ya shehena iliyoshushwa. Uingereza ilifuata kwa mkataba wa 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Taifa lililojenga viwanda vyake nyuma ya ukuta wa forodha likajipatia kwa wengine mlango ulio karibu wazi.

Si kwamba Sayyid Said hakujua faida ya kufunga. Katika mkataba wa 1839 alihakikisha kwamba pembe na sandarusi za Mrima, kati ya Mtangata na Kilwa, haziguswi na wageni. Zilipaswa kupita mikononi mwa watu wake na katika forodha yake, ambayo kwa miaka mingi ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji. Mgeni angenunua Unguja tu. Ulinzi huo ulimfaa dalali wa pembe na mkodishaji wa forodha. Mfumaji wa pwani hakuwamo katika hesabu.

Hivyo merikani ilishuka Unguja kwa bei ambayo nguo nyingine ziliweza kushindana nayo kwa shida, na kutoka hapo ikapanda bara. Pembe zilizopatikana kwa nguo hiyo zilipelekwa, pamoja na kwingineko, katika viwanda vya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, zikachongwa vitana na vibao vya kinanda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata ugavi wa pamba na bei ikapanda mno. Nguo za Uingereza na za viwanda vipya vya Bombay zikapata nafasi. Baada ya hapo jina na asili ya nguo havikuenda pamoja tena: mchuuzi wa Ujiji aliweza kuuza merikani ambayo haikupata kuona Marekani. Kwa mwanafunzi wa lugha huu ni mfano mzuri wa jina la mahali lililogeuka kuwa jina la namna ya kitu.

Manyema na viramba vyake

Waungwana wa kwanza walifika Manyema katika miaka ya 1860. Kivutio kilikuwa kimoja: pembe zilikuwa nyingi na bei yake ndogo sana kwa kulinganisha na Unyamwezi, ambako wenyeji walikuwa wamekwisha kujua thamani yake. David Livingstone aliyekaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, kwa muda mrefu kati ya 1869 na 1871 akiwa mgonjwa, aliziona habari za pembe rahisi zikiwavuta wafanyabiashara kwa makundi. Ni yeye pia aliyeshuhudia mauaji ya soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, ambapo watu wa misafara waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na vyakula. Biashara hii haiwezi kuelezwa bila ya bunduki, wala bila ya watumwa waliotekwa vijijini.

Manyema haikuwa nchi ya uchi iliyongoja nguo. Wenyeji walifuma nguo kwa nyuzi za majani ya mwale, na nguo hizo, ambazo Waungwana waliziita viramba, zilivaliwa, zikatolewa mahari, zikalipia faini na kutumika kama fedha katika masoko. Palikuwa na masoko ya siku maalumu yaliyoendeshwa zaidi na wanawake, na masoko hayo yaliheshimiwa hata na koo zilizokuwa zikipigana. Kwa maneno ya Hamilton, kiramba kilikuwa kiwanda cha nyumbani chenye soko lake. Lakini hapakuwa na forodha ya kukilinda. Mtemi wa Ugogo aliweza kuutoza msafara hongo kabla ya kuuachia maji na njia, na Mirambo wa Unyamwezi aliifunga barabara ya Ujiji mwaka 1871 kwa sababu ya ugomvi wa namna hiyohiyo. (Neno hongo, ambalo wakati ule lilikuwa kodi halali ya mwenye nchi, leo katika Kiswahili sanifu lina maana ya rushwa, lugha ilichukua upande wa wasafiri.) Koo ndogondogo za Manyema hazikuwa na mamlaka ya kutoza hongo kwa watu wenye bunduki nyingi kuliko wao. Yafaa hata hivyo kusema kwamba viramba havikufa kwa siku moja. Viliendelea kusokotwa na kuvaliwa pembeni mwa merikani, kwanza kwa sababu merikani ilikuwa adimu na ya wakubwa.

Kasongo ya Tippu Tip

Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliingia Kasongo katikati ya miaka ya 1870 akitokea Utetela, na mtaji wake ulitoka kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Habari zake amezieleza mwenyewe katika tawasifu yake ya Kiswahili, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Anayeisoma tawasifu hiyo kwa jicho la mchumi huona jambo ambalo msomaji wa visa vya vita hulikosa: sehemu kubwa yake ni hesabu. Frasila kadhaa za pembe, bei, deni, mkopo, aliyelipa na asiyelipa.

Katika eneo lake Tippu Tip alifanya yale yafanywayo na dola. Aliweka wakubwa, akakata mashauri, akahimiza mashamba na njia, na akaifanya pembe kuwa haki ya mwenye nchi. Huo ulikuwa ukiritimba, tena wa nguvu. Aliyeingia bila ya ruhusa yake kununua pembe alijitafutia balaa. Lakini tofauti moja ni ya maana: faida ya mlango uliofungwa ilibaki kwa sehemu fulani palepale. Ilionekana katika mashamba ya mpunga, mahindi, miwa na matunda yaliyoizunguka Kasongo, katika nyumba zake kubwa, na katika kuenea kwa lugha ya Kiswahili, ile iitwayo Kingwana. Sidney Hinde, daktari wa jeshi la Leopold aliyeuona mji huo mwaka 1893, hakuficha mshangao wake. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na jambo hilo nalo lisifichwe.

Kabambare ilikuwa lango la mashariki la himaya hiyo. Mzigo uliotoka ziwani ulipita hapo, na pembe zilizokwenda ziwani zilipita hapo. Ukitazama ramani utaona kwamba kwa mstari ulionyooka Kasongo iko umbali wa kilomita 1,300 na zaidi kutoka Bahari ya Hindi, na karibu 1,600 kutoka mdomo wa Mto Kongo. Kwa hiyo biashara yake kuelekea mashariki ilifuata njia iliyo fupi zaidi. Kuigeuza ielekee magharibi kulihitaji nguvu isiyotoka sokoni.

Uhuru wa Berlin

Nguvu hiyo ilikuja ikiwa imevaa jina la biashara huria. Hati ya Berlin ya tarehe 26 Februari 1885 ilitamka kwamba biashara ya mataifa yote ingekuwa huru katika bonde la Kongo, kwamba bidhaa zinazoingia hazingetozwa ushuru, na kwamba hakuna dola ambayo ingetoa ukiritimba au upendeleo wa biashara. Ushuru wa bidhaa zinazotoka haukukatazwa. Kwa maneno hayo Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, alizishawishi dola nyingine, Marekani ikiwa miongoni mwa za kwanza, zikitambue chama chake.

Mwezi Februari 1887 Tippu Tip alikubaliana na Stanley mjini Unguja awe wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na akaachiwa kuendelea na biashara yake. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba milango miwili ya Manyema, wa mashariki na wa magharibi, ingeweza kuwa wazi pamoja. Haikuwa. Dola ya Leopold haikuwa na fedha. Mkutano wa Brussels uliomalizika tarehe 2 Julai 1890, ulioitwa kwa jina la kupinga biashara ya watumwa, uliiruhusu kutoza ushuru wa bidhaa za kuingia hadi asilimia 10, na pia uliwekea vikwazo uingizaji wa bunduki na baruti. Asilimia 10 ni maana ya asili ya neno ushuru katika Kiarabu: sehemu moja ya kumi.

Hata hizo hazikutosha. Tarehe 21 Septemba 1891, miaka hamsini na minane kamili tangu mkataba wa Maskati, Leopold alitoa amri ya siri ikiwaagiza maofisa wake wa wilaya za Aruwimi-Uele na Ubangi-Uele kuchukua hatua zote ili mazao ya ardhi ya dola, hasa pembe na mpira, yawe ya dola. Ardhi isiyokaliwa ilikuwa imekwisha kutangazwa kuwa mali ya dola tangu 1885. Hivyo biashara ilibaki huru katika maandishi. Kilichokosekana ni kitu cha kununua. Amri ya Oktoba 1892 iligawa nchi katika maeneo yaliyowekwa akiba na yale ambayo wafanyabiashara binafsi wangeweza kuyaingia. Makampuni ya Ubelgiji yenyewe yalilalamika. Bunge la Marekani mwaka 1816 lilikuwa limejadili ushuru wake hadharani, na mpinzani aliweza kuupinga; ukuta wa 1891 ulijengwa usiku.

Kwa Waungwana wa Manyema amri hizo zilikuwa na maana moja. Tippu Tip aliondoka kwenda Unguja mwaka 1890, akimwacha mwanawe Sefu Kasongo. Mwaka 1892 msafara wa kibiashara wa Arthur Hodister ulipanda Lualaba kutafuta pembe katika eneo la Waungwana. Hodister na wenzake waliuawa. Mwaka huohuo Ngongo Lutete, aliyekuwa kamanda wa Waungwana, alihamia upande wa dola, na vita vikaanza. Nyangwe ilitekwa na majeshi ya Francis Dhanis tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu alikufa vitani mwaka huo. Ngongo Lutete, ambaye bila yake ushindi usingepatikana, alipigwa risasi na maofisa wa dola mwezi Septemba. Rumaliza aliendelea kupigana upande wa Kabambare hadi mji huo uliposhikwa mwezi Januari 1894.

Vita hivyo vilielezwa Ulaya kuwa vita vya kukomesha utumwa, na ni kweli kwamba vilivunja nguvu ya wateka-watumwa wakubwa. Ila aliyetazama pembe zilikokwenda baada ya hapo asingeshindwa kuona sababu ya pili. Pembe za Manyema zilishuka mto kwenda Atlantiki, na kabla ya karne kwisha Antwerp ilikuwa moja ya masoko makubwa kabisa ya pembe duniani. Mwezi Januari 1895 Charles Stokes, mfanyabiashara wa Kiayalandi aliyekuwa akipeleka pembe upande wa Wajerumani, alinyongwa huko Ituri na ofisa wa dola kwa shtaka la kuwauzia Waarabu bunduki. Serikali za Uingereza na Ujerumani ziligombana na Leopold kwa ajili yake. Mwenyeji wa Kabambare aliyeuawa kwa kosa la namna hiyo hakupata serikali ya kumgombea. Kasongo ya zamani iliachwa na mji ukahamishwa. Mahali pake paliitwa Tongoni, yaani kwenye mahame.

Mbegu kutoka Marekani

Baada ya Kongo kuwa koloni la Ubelgiji mwaka 1908, Manyema ilikutana na pamba kwa namna nyingine. Kuanzia 1917 utawala ulilazimisha kilimo cha pamba, na Manyema ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kuwekewa lazima hiyo. Mbegu iliyoenea, aina ya Triumph, ilitoka Marekani. Kampuni kubwa ya pamba, Cotonco, iliundwa mwaka 1920, na mwaka 1921 sheria ikagawa nchi katika kanda, kila kanda ikiwa na mnunuzi wake mmoja aliyejenga kinu cha kuchambua pamba. Kiwanda cha nguo kilianzishwa Léopoldville katika miaka ya 1920, lakini sehemu kubwa ya pamba ilisafirishwa Ubelgiji.

Huu nao ulikuwa ulinzi, na aliyelindwa alikuwa mwenye kinu dhidi ya mnunuzi mwingine. Mkulima wa Kasongo alipimiwa shamba, akapewa mbegu, akasimamiwa na msimamizi, na bei ya zao lake ikatangazwa na serikali. Msimu wa kuuza ulipofika alibeba kikapu chake hadi soko aliloandikiwa. Kanda ya jirani, hata kama bei ya huko ingekuwa nzuri zaidi, hakuruhusiwa kuuza.